Utepe wa Mshindi na Farasi wa Robo Maili

Najua nimepotea, kazi za gazetini zilinibana na nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kama mbwa wa sokoni. Leo nimepata nafasi, na nina kisa kimenikaa kichwani tangu Agosti, mhariri wangu aliponituma Morogoro kuandika habari za Nane Nane.

Kule kwenye mabanda ya mifugo nilikuta watu wamemzunguka fahali mmoja mkubwa ajabu, amefungwa utepe wa mshindi, kila mtu anataka kupiga naye picha. Pembeni alikuwa amekaa mzee mmoja, bwana mifugo mstaafu. Nikamsogelea na kijitabu changu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Huyu fahali kashinda kwa sababu gani hasa?"

"Kwa sababu ni mkubwa."

"Basi?"

Akacheka. "Basi. Lakini wewe mwandishi usidhani utepe ule kapewa yeye. Wamepewa ndama ambao hawajazaliwa."

Nikaandika, nikamshukuru, nikaondoka. Habari yangu ilitoka mistari kumi tu, na maneno ya mzee hayakuwemo. Lakini yaligoma kutoka kichwani. Alikuwa na maana gani? Nikaanza kusoma juu ya mashindano ya mifugo, nikajikuta nimefika mbali kabisa, kwa wafuga farasi wa Marekani. Najua utauliza, farasi na sisi wapi na wapi? Kweli, sehemu kubwa ya nchi yetu mbung'o na maradhi havikuwapa farasi nafasi, wengi wetu tunawaona kwenye filamu tu. Lakini sikupata mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi mashindano yanavyoweza kuikuza mbegu ya mnyama, na jinsi yanavyoweza kuiumiza. Twende taratibu.

Farasi ninaowazungumzia wanaitwa Quarter Horse. Jina linatokana na robo maili, yaani kama mita 400. Zamani za ukoloni wa Mwingereza, katika Virginia na Carolina, walowezi walipenda kushindanisha farasi lakini hawakuwa na viwanja. Walitumia barabara ya kijiji au njia iliyokatwa msituni, na njia yenyewe ilikuwa fupi. Kwa hiyo farasi aliyetakiwa hakuwa yule wa kukimbia maili nne, bali wa kufyatuka kama mshale na kumaliza kabla hujapumua mara tatu. Farasi wa Kiingereza wakachanganywa na wale wenye damu ya Kihispania waliokuwa mikononi mwa wenyeji kama Wachickasaw. Akatokea mnyama mfupi, mwenye kifua kipana na makalio yenye misuli.

Baadaye mashindano ya mbio ndefu yalishika chati upande wa mashariki, na farasi huyu mfupi akasogea magharibi pamoja na walowezi. Huko Texas akapata kazi nyingine. Ilionekana kwamba mnyama anayeweza kufyatuka na kugeuka ghafla ndiye hasa anayefaa kumkabili ng'ombe mkaidi. Mchunga ng'ombe akampenda. Wengine walikuwa wanaapa kwamba farasi hawa wanasoma mawazo ya ng'ombe.

Lakini kumbuka, hadi hapo hakukuwa na daftari lolote la kuwatambua. Kila mfugaji alikuwa na wake, akijua baba yake fulani na mama yake fulani kwa kusimuliwa. Ikafika miaka ya 1930. Magari na matrekta yalikuwa yanachukua kazi za farasi, uchumi wa dunia umeanguka, na baadhi ya watu wakaanza kuogopa kwamba mnyama huyu atapotea kimyakimya. Mmoja wao alikuwa Robert Denhardt, msomi wa historia aliyekuwa akifundisha Texas A&M, ambaye aliandika makala nyingi kumtetea. Mwaka 1940 wafugaji wakakutana Fort Worth, Texas, wakaanzisha chama, American Quarter Horse Association.

Sasa hapa ndipo palipo na uhondo. Chama kinahitaji daftari la usajili, na daftari linahitaji namba moja. Nani apewe namba moja? Hebu fikiria, ungekuwa wewe ungefanyaje? Kila tajiri pale ana dume lake analoamini ndilo baba wa wote. Wangeweza kugombana mpaka kesho. Walichoamua ni hiki: namba moja itakwenda kwa dume atakayeibuka bingwa kwenye maonyesho ya Fort Worth ya mwaka 1941. Akashinda dume mwekundu aitwaye Wimpy, wa King Ranch ya kusini mwa Texas, akaandikwa namba 1.

Yaani mbegu nzima ilianza na utepe! Hata kabla ya kuwa na daftari lililojaa, walikuwa na mashindano. Na mashindano yenyewe yalikuwa ya umbo. Farasi anavutwa kwa hatamu, hapandwi na mtu, anasimama, mwamuzi anamtazama miguu, mgongo, kifua na makalio, anatoa hukumu. Kitu hicho kiwekeni akilini, tutakirudia.

Haukupita muda ugomvi ukaanza. Waanzilishi wengi walitaka farasi mfupi mnene wa kazi ya ng'ombe. Wafugaji wa mbio wakasema hapana, farasi huyu alizaliwa barabarani akikimbia, bila mbio si lolote. Wakaunda vyama vyao pembeni. Kwa miaka kadhaa katika muongo wa 1940 kulikuwa na vyama vinavyovutana juu ya mnyama mmoja, na kila kimoja kinajiona ndicho chenye ukweli. Je, kuna kitu hapo kinakukumbusha siasa zetu? Mimi simo.

Suluhisho lao ndilo lililonifanya niandike makala hii. Mwishoni mwa muongo huo waliungana, na chama kilichobaki hakikuchagua upande mmoja. Kiliongeza vipengele. Unapenda umbo? Kipo kipengele cha umbo. Unapenda mbio? Mbio zinatambuliwa na matokeo yanaandikwa. Unapenda kazi ya ng'ombe? Kuna kipengele cha kutenga ng'ombe, ambapo mpandaji anaingia katikati ya kundi, anamtoa ng'ombe mmoja, halafu analegeza hatamu na kumwachia farasi peke yake kazi ya kumzuia asirudi kwa wenzake. Ni kama zile tuzo za muziki. Ukiwa na kipengele kimoja tu cha "wimbo bora", wa taarab, wa dansi na wa kizazi kipya watapigana ngumi. Ukifungua vipengele vitatu, wote watakuja ukumbini na kulipa kiingilio.

Katika miaka ya 1950 wakaongeza jambo lingine la akili sana. Wakaweka cheo cha bingwa wa chama ambacho farasi hakukipata kwa kung'aa mahali pamoja tu. Ilibidi akusanye pointi kwenye umbo na pia kwenye kazi. Kwa maneno mengine, mrembo lazima afue na kupika. Mfano mzuri wa farasi wa wakati huo ni Poco Bueno, dume lililozaliwa mwaka 1944 na kumilikiwa na ranchi ya Waggoner, ambaye alishinda kwenye umbo kisha akaenda kutamba kwenye kutenga ng'ombe. Mfugaji aliyetaka cheo kile hakuweza kuzalisha farasi mzuri wa kuangalia asiyejua kitu.

Halafu wakafungua mlango kwa watu wapya, na nadhani hapa ndipo ukuaji wenyewe ulipotokea. Marekani ya baada ya vita ilikuwa imebadilika. Kazi ya ng'ombe ilihitaji farasi wachache, lakini mijini na pembezoni mwa miji kulikuwa na familia zenye kipato na nafasi ya kufuga farasi mmoja au wawili. Baba ni karani, mama ni nesi, binti ana miaka 12 na anaota farasi usiku kucha. Ukimpeleka binti huyo uwanjani kushindana na mtaalamu anayelipwa kufundisha farasi kutwa nzima, atashika mkia na hatarudi tena. Kwa hiyo vikaja vipengele vya vijana. Vikaja vipengele vya ridhaa, kwa watu wanaopanda farasi wao wenyewe bila kulipwa. Vikaja vya wanaoanza kabisa, ambao farasi wao hatakiwi kufanya zaidi ya kutembea na kukimbia polepole. Baadaye vikaja hata vya wapandaji wenye ulemavu. Na kwa waliopenda upandaji wa Kiingereza, wenye tandiko dogo na kuruka viunzi, nao wakafunguliwa mlango wao.

Fikiria maana yake kiuchumi. Farasi aliyehasiwa, mpole, mwenye miaka 15, hana thamani kwa mtu anayetafuta dume la kupandisha. Lakini kwa mzazi wa yule binti ni dhahabu, kwa sababu hatamwangusha mtoto. Kila kipengele kipya kilichoandikwa kwenye kitabu cha kanuni kilimpatia mnunuzi farasi ambaye jana hakuwa na mnunuzi. Na mfugaji akijua kwamba watoto wake wa farasi watanunuliwa, wa mbio, wa kazi na wa watoto, anapandisha majike mengi zaidi mwaka unaofuata. Hakuna uchawi hapo.

Matokeo yake? Mwaka 1959 kule Ruidoso Downs, New Mexico, zilianza mbio za All American Futurity kwa farasi wa miaka miwili, na kufika mwaka 1982 mshindi peke yake aliondoka na dola milioni 1. Mwaka 1967 yakaanza maonyesho makubwa Columbus, Ohio, mbali kabisa na ranchi za Texas, dalili kwamba farasi wa wachunga ng'ombe ameshakuwa farasi wa kila mtu. Mwaka 1974 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya chama hicho, Louisville, Kentucky. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 farasi waliokuwa wakisajiliwa walipita 100,000 kila mwaka, na jumla ya waliowahi kuandikwa tangu Wimpy imepita milioni 6. Hilo ndilo daftari kubwa kuliko yote duniani kwa mbegu moja ya farasi.

Ningeweza kuishia hapa, nikasema ongezeni vipengele jamani, mtafanikiwa. Lakini nisingekuwa mwandishi wa habari, ningekuwa ofisa uhusiano.

Vipengele vilipoongezeka, kila kimoja kikawa dunia yake. Wa mbio wakazalisha wa mbio, wa kutenga ng'ombe wakazalisha wa kutenga ng'ombe, na wa umbo wakazalisha wa umbo. Wataalamu wa kila upande wakawa wanatafuta pointi zao tu. Yule farasi wa zamani aliyefanya yote akawa adimu, kwa sababu hakukuwa tena na haja naye. Hatari zaidi ilikuwa kwenye kipengele cha umbo. Wa mbio akiwa na kasoro, atashindwa mbio. Wa ng'ombe akiwa na kasoro, ng'ombe atampita. Lakini farasi anayetakiwa kusimama tu na kutazamwa, nani atajua kasoro yake?

Mwaka 1969 alizaliwa dume aliyeitwa Impressive. Alikuwa na misuli ambayo watu hawakuwahi kuiona, imejichora kama ya mnyanyua vyuma. Mwaka 1974, kwenye yale mashindano ya kwanza ya dunia, akawa bingwa wa umbo wa madume yaliyokomaa. Wafugaji wakapanga foleni. Alizaa watoto zaidi ya 2,000, wengi wao nao wakawa mabingwa, nao wakazaa, na damu yake ikasambaa kila kona.

Kisha taarifa za ajabu zikaanza kusikika. Farasi mwenye afya, kanona, anaanza kutetemeka misuli. Miguu inalegea. Anaanguka kama mlevi, baada ya muda anainuka kama hakuna kilichotokea. Wengine hawakuinuka. Watafiti walipofuatilia waligundua kasoro ya kurithi kwenye misuli, inayofahamika kwa kifupi kama HYPP, ambapo madini ya potasiamu yakizidi katika damu misuli inapoteza mwelekeo. Mwaka 1992 kasoro yenyewe katika vinasaba ilijulikana na kipimo kikapatikana. Farasi wenye kasoro hiyo ukoo wao ulirudi kwa dume mmoja, Impressive.

Na kuna jambo lililonifanya niweke kikombe cha chai mezani. Mwaka 1994 jarida la madaktari wa mifugo wa Marekani lilichapisha utafiti juu ya suala hili hili, ukionyesha kuwa waamuzi wa maonyesho walikuwa wakiwapendelea farasi wenye kasoro. Si kwa makusudi. Ile misuli ya kuvutia ilikwenda pamoja na maradhi yenyewe. Mwamuzi alikuwa anaona uzuri, anatoa utepe, na bila kujua alikuwa anagawa ugonjwa.

Mpaka hapo unaweza kusema ni bahati mbaya. Lakini angalia tarehe. Kipimo kipo tangu 1992. Chama kilipitisha sheria kwamba farasi mwenye nakala mbili za kasoro hiyo, moja ya baba na moja ya mama, hasajiliwi, na sheria ikawahusu waliozaliwa kuanzia mwaka 2007. Miaka 15! Na mwenye nakala moja, ambaye naye anaweza kuugua na kuirithisha, aliachwa aendelee kusajiliwa. Kwa nini kuchelewa hivyo? Kwa sababu nyuma ya kila farasi kulikuwa na mtu aliyeweka pesa zake, ana dume anayelipwa kupandisha, ana mabingwa zizini. Kipengele kikishajengewa biashara, kukirekebisha ni kama kuhamisha soko. Kila mwenye meza anakuja na bango.

Tuwe wa haki lakini. Hawakukaa kimya moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianzisha kipengele cha farasi wa ranchi anayefanya mambo mengi, ambapo farasi yule yule anapimwa umbo na pia anapimwa kwa kupandwa, kwa njia yenye vikwazo na kwa kazi ya ng'ombe. Nikisoma kanuni zake naona ni ile busara ya miaka ya 1950 imerudi kwa jina lingine. Muongo uliofuata wakaongeza kipengele cha upandaji wa farasi wa ranchi, ambapo mnyama anatakiwa aende kwa mwendo wa kazi, si kwa madaha ya uwanjani, na watu walikimbilia huko kwa wingi. Kuanzia mwaka 2015 dume la kupandisha likatakiwa kupimwa vinasaba kwa maradhi matano ya kurithi, HYPP ikiwemo. Umo pia ugonjwa mmoja wa ngozi unaofuatiliwa hadi kwenye ukoo wa Poco Bueno, yule yule niliyemsifu hapo juu. Hata farasi aliyeweza umbo na kazi alikuwa na kitu kilichojificha, na hakuna mwamuzi ambaye angekiona kwa macho.

Kwa hiyo nimejifunza nini? Kwamba kuongeza vipengele vya mashindano kunaikuza mbegu kweli, na si porojo. Kunaleta watu, pesa, watoto na mapenzi. Lakini kila kipengele ni oda inayotumwa kwa mfugaji. Ukiandika "mkubwa", utaletewa mkubwa. Ukiandika "mwenye misuli", utaletewa misuli, na kilichojificha ndani ya misuli utaletewa bila kuagiza. Vipengele vilivyowafaa Wamarekani ni vya aina mbili: vilivyomfungulia mlango mtu aliyekuwa nje, kama yule binti wa miaka 12, na vilivyomtaka mnyama athibitishe kazi pamoja na sura. Vilivyowaumiza ni vya kutazama tu.

Jambo la mwisho. Farasi aliyezaliwa kwa mzazi Quarter Horse na mzazi wa mbio ndefu aina ya Thoroughbred huwekwa kwanza kwenye kiambatisho cha daftari. Mojawapo ya njia zake za kuingia kwenye daftari lenyewe ni kushindana na kufikisha pointi zinazotakiwa. Yaani uwanja bado unaamua nani ni wa ukoo na nani si wa ukoo, kama ulivyoamua kwa Wimpy mwaka 1941.

Sasa nakumbuka fahali wa Morogoro na picha alizopigwa. Sikumwuliza mtu yeyote kama binti zake wanatoa maziwa, kama anastahimili kiangazi, kama watoto wake wanapona ndigana. Kipengele hakikuuliza, na mimi mwandishi sikuuliza. Mwaka huu nikitumwa tena nitakwenda na maswali hayo kwenye kijitabu, na nitamtafuta yule mzee nimwambie kwamba nimemwelewa, ingawa nimechelewa.

Wewe je, katika kazi yako au chuoni kwako, ni utepe gani unatolewa kwa ukubwa tu? Tafakari. Alamsiki.